Mstari wa Kumi na Saba

Nilianza na masanduku. Masanduku hayana ubishi:
mbao, mahameli ndani, komeo mbili za shaba.
Moja lilikula saa tatu na nusu za Gualtiero,
na Gualtiero ana mgongo mbovu, likizo, na matusi.
Kiwanda kimoja Slovenia kinatoa mia kwa siku,
yamenyooka kuliko yetu. Nikaandika: yatoke.
Ornella akatia sahihi bila kuketi.

Kisha rangi. Kisha skrubu,
ambazo hata enzi za babake
hakuna aliyezichonga humu; tulijidanganya tu
kwamba kila kitu huzaliwa chini ya paa hili.

Castelfidardo ni mji wa kilimani unaokula kwa kodiani.
Ukipita alasiri utasikia dirishani noti moja
ikirudiwa, ikirudiwa,
kama mtoto mgeni anayeulizwa jina.
Huyo ni Nazzareno.

Ndipo tukafika kwenye ndimi.
Ndivyo tuviitavyo vile vipande vya chuma
vyembamba kama ukucha, vitetemekavyo pumzi ikipita:
mia nne na ushee kwa kodiani moja.
Nazzareno huzikwangua moja moja,
sikio la kulia limelazwa karibu na meza;
la kushoto lilikufa zamani, hakulifanyia matanga.
Kwa gharama yake ya mwezi
ningeagiza seti kumi na moja,
zimefika, zimelipiwa ushuru.

Tukaagiza moja, ya kujaribu.
Akaja Delvina, mpigaji wa harusi za Filottrano,
tukampa kodiani mbili, pacha kwa sura.
Ya kwanza, ya ndimi za kuagiza, akaisifu:
"Hii haina kosa." Akauliza na bei.
Akachukua ya pili, akapiga waltzi ileile,
na mwendo ukapungua.
Hakujua kama umepungua.
Gualtiero alizima mashine yake asikilize.

Usiku ule Ornella aliketi.
"Settimio, mteja akifika mlangoni, anataka nini?"
"Kodiani."
"Kodiani wanauza wote, mpaka mtandaoni."
Akachora mstari katikati ya karatasi yangu,
mstari uliopinda, wa mtu aliyechoka.
"Huku weka vitu ambavyo vikiharibika
mteja atalaani bahati yake.
Huku, vile ambavyo vikiharibika
atalitaja jina la baba yangu."
Kisha, kalamu mdomoni:
"Na tusimpe mtu wa nje kazi
ambayo humu ndani hakuna awezaye kuikagua.
Nazzareno ana miaka sabini na moja.
Akiondoka, nani atajua kama tunaibiwa?"

Sikuwa na jibu. Hesabu haina safu ya swali hilo.

Nilikuwa na mstari wa kumi na saba.
Niliuandika chini kabisa, kwa herufi ndogo,
kwa sababu mimi ni mtu mkweli
na kwa sababu nilidhani hatafika huko.
Akafika. Akausoma kwa sauti:
"Uhasibu. Ofisi ya Ancona. Theluthi ya gharama."

Mkuki kwa nguruwe mtamu.
Miezi miwili nilikuwa nimewachoma wengine kwa utulivu,
rula mkononi, miwani imefutwa vizuri.
Sasa nilitazama dirisha, kikombe,
kalenda ya muuza gundi.
"Umekosea hesabu?" aliniuliza, kwa upole,
akinifungulia mlango wa kutokea kwa uongo.
"Sijakosea," nikasema.

Kwa mshahara wangu wameajiri binti, Giada,
miaka kumi na tisa, vidole virefu.
Wiki ya kwanza aliua ndimi thelathini.
Nazzareno alizihesabu, akazitia kwenye kopo la kahawa,
akasema yeye aliua arubaini.
Huenda ni kweli.

Jana nilirudi kuchukua koti langu.
Mezani palikuwa na ripoti ya kwanza ya Ancona,
safi, yenye rangi, jumla zote zimekubaliana.
Nazzareno wamemweka chini ya Vifaa,
kati ya msasa na gundi.

Nikatoa penseli, nikamhamisha.
Hiyo sikuwatoza.